Unyoya Juu ya Mizani

Msiniulize maelezo, maana hata Adolphine mwenyewe, mwenzetu wa kwaya hapa Columbus, hana. Alikuwa akimtunza bibi mmoja Mzungu kule mtaa wa Clintonville. Kila asubuhi alimpima uzito kwenye mizani ya bafuni, kisha bibi alitandaza karata zake za kubashiri, zenye picha za Misri ya kale. Moja ilikuwa na mtu mwenye kichwa cha mbweha, akipima kwenye mizani moyo wa marehemu dhidi ya unyoya.

"Dada, ile ni uchawi, choma!" Chimène wa kikundi cha maombi alimwambia aliposimuliwa.

Basi jioni moja, bibi akiwa amesinzia chumbani, Adolphine aliipaka karata ile mafuta ya maombi, akaichoma kwenye sinki kwa jina la Yesu. Umeme ukakatika papo hapo. Gizani akasikia kucha zikigonga sakafu ya mbao, taratibu, zikielekea bafuni. Nyumba ile haikuwa na mbwa.

"Bibi?"

Kisha mizani ya bafuni ikalia kwi, kama imekanyagwa.

Akamulika kwa simu. Juu ya mizani palikuwa na unyoya mmoja tu, na mshale ulisimama pale pale uliposimama asubuhi alipompima bibi.