Bonde la Mikindu

Mwaija alisuka mikeka tangu hajaolewa. Ukindu wake aliukata bondeni, nje kidogo ya kijiji chao, upande wa kwendea Mkange. Bonde lile lilikuwa mali ya kijiji kizima, na wanawake wengi walilitegemea.

Asubuhi moja alikwenda na kisu na kamba yake. Akakuta vigingi vimechomekwa kuizunguka mikindu yote. Msimamizi wa kazi ile alimwambia kwa upole kwamba eneo limepata mwenyewe, mfanyabiashara wa Chalinze, asikate tena. Mwaija akarudi mikono mitupu.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa ameshasikia. Mwenyekiti wa kijiji amekubali, alisema, na huyo mgeni ameahidi kuijengea shule darasa.

“Wakubwa wakishaamua, sisi tutasema nini?”

Mwaija akaweka kisu na kamba pembeni. Darasa lilihitajika kweli. Binti yao, Lulu, alikuwa akisoma amekaa sakafuni, amebanana na wenzake. Lakini mikeka ndiyo iliyomvisha Lulu sare. Siku ile kazi haikumwendea kabisa.

Jioni akaenda kwa jirani yake, Zuwena, aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Baada ya kuamkiana, akamuuliza kama wao wajumbe ndio walioligawa bonde.

Zuwena alisema walilijadili tu, halijaisha. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kuigawa mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe.

“Na huo mkutano mkuu ni wa kina nani, dada?”

“Ni wako, mdogo wangu. Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane. Mwanamke, mwanamume, aliyesoma, asiyesoma. Una haki ya kusema na ya kupiga kura.”

Miaka yote Mwaija alidhani ile ni mikutano ya wanaume, akimwachia Mbaruku.

Safari hii mkutano ulipoitishwa alikwenda, yeye na wasukaji wenzake. Mwenyekiti alieleza faida ya darasa, na alieleza vizuri. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwaija akanyoosha mkono.

“Mwenyekiti, darasa tunalitaka,” alisema. “Lakini bonde lile ndilo shamba letu sisi tunaosuka. Likienda, hao watoto wa darasani tutawasomesha kwa kitu gani?”

Kisha Mbaruku akasimama, akasema mkewe amesema kweli. Maswali yakafuata, mengi. Mwisho wakapiga kura: bonde libaki la kijiji, mgeni aoneshwe eneo jingine. Vigingi vikang’olewa.

Mgeni hakulitaka hilo eneo jingine. Akaenda zake, na ahadi ya darasa ikaenda naye. Wapo waliomlaumu Mwaija, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Akarudi kwa Zuwena kuuliza lifanyike nini. Zuwena akamweleza kwamba mahitaji ya kijiji huanzia kwenye mkutano uleule, yakapelekwa kwenye kata, na diwani akayafikisha kwenye baraza la madiwani la wilaya.

Mkutano uliofuata, aliyeomba darasa ni Mwaija. Wanakijiji wakakubali kuchangia mawe na mchanga. Diwani akalifikisha ombi lao, na mwaka wa pili likaingia kwenye bajeti ya halmashauri ya wilaya.

Siku ya kujenga msingi watu walipanga mstari, wakipokezana mawe. Mwaija alisimama karibu na mwenyekiti.

“Mkutano ujao utatuletea lipi?” mwenyekiti akamuuliza.

“Vyoo vya wasichana,” akajibu, akampa jiwe.