Jani la Isale Mlangoni kwa Hajira

"Umemlisha mbuzi isale, Hajira! Mbuzi!"

"Jani nimelikuta mlangoni pangu, halina mwenyewe. Ulitaka nilivishe kanzu?"

Mtaa mzima wa Shirimatunda ulitega sikio. Shani akaacha cherehani, akatoka na futi shingoni, akamgeukia jirani yao. "Mama Hilaria, jani gani?"

"Mama yako anatangaza kuwa Elisaria hakuja hata kuomba radhi. Alikuja! Kwetu Uchagani aliyekosa huleta isale. Ukilipokea, umesamehe. Alilipiga fundo akaliweka hapo wakati wa Pasaka, mko msibani. Nilipoona mbuzi analitafuna, nikajua mmemkataa. Nikanyamaza."

Shani akatoa simu mfukoni.

Yeye na Elisaria walikutana soko la Kwa Sadala, Shani na gauni lake la kitenge cha machungwa, Elisaria katoka kuongoza wageni mlimani, pua imebabuka kwa jua.

"Mrembo, kuna sayari huko mbali, jitu zima, linazunguka nyota yake," alimwambia huku akimbebea ndizi. "Hakuna aliyeliona. Wamelijua kwa kuwa nyota inayumba."

"Umekuwa mnajimu?"

"Nimeambiwa na wageni wangu. Nikipanda mlima hutaniona, lakini utayumba tu."

Na kweli aliyumba. Mpaka siku Elisaria alipomwambia mama yake, Mlutheri wa Machame asiyetaka mkwe Mwislamu, kwamba Shani ni fundi wake wa nguo tu. Shani akaizuia namba yake.

Sasa akaipiga.

"Eli. Lile jani... mbuzi alilila. Hatukujua maana yake."

Elisaria akaangua kicheko, hakukimaliza. "Mbuzi! Mimi nikangoja mpaka masika yakaisha, Shani."

"Basi njoo, mpenzi. Nimekusamehe."

"Wazee wameshapeleka mbege ya posa kwa kina Goodness. Jumapili tunatangazwa kanisani."

"Mwambie Goodness hapana."

"Nilishakukana wewe mbele ya mama. Nimkane na yeye?"

Shani akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ile nyota yako je?"

"Inayumba, Shani. Itayumba sana." Akashusha pumzi. "Usinipigie tena, mrembo."

Simu ikakatika. Hajira alikuwa amekaa chini mlangoni, mikono kichwani, mbuzi akimlamba kisigino.

Mama Hilaria akasogeza matawi ya ua. "Hajira, inuka hapo. Mlete mwanao. Machalari ya ndizi yameiva, na nyama kachinja Khamisi, Mwislamu mwenzenu, msiogope. Ingieni mle."