Mwalimu wa Magunia

Kila asubuhi, jua likiwa bado linajikokota nyuma ya milima ya Mbizi, Luciana aliyafundisha magunia.

Mama yake mdogo, Epifania, alikuwa akiuza ulezi na maharage katika soko la Sumbawanga. Luciana alifikia kwake, huko Chanji, kwa muda wa mazoezi yake ya kufundisha, na kazi yake ilikuwa kutangulia kufungua kibanda kabla ya kwenda shuleni. Akishafagia, aliyapanga magunia mistari miwili kama watoto darasani, akatazama huku na huku, akavuta sweta lake la kijivu hadi shingoni kwa ile baridi ya Ufipa inayouma masikio, kisha akaanza kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuizoea:

"Hamjambo, watoto!"

Magunia yalinyamaza, na ndiyo maana aliyapenda. Kule chuoni masista walimsifu mwandiko, ushonaji na adabu. Lakini kuhusu sauti walisema jambo moja tu: "Luciana, chaki yako inasikika kuliko wewe."

"Leo tutajifunza kutoa," aliendelea asubuhi ile ya mwezi wa Juni, akilinyooshea mwiko gunia la nyuma. "Bibi ana kuku saba. Mwewe amechukua wawili. Wewe hapo! Wamebaki wangapi?"

"Watano, mwalimu," gunia likajibu.

Mwiko ulimponyoka. Nyuma ya mzigo ukainuka mkono, kisha kichwa chenye vumbi la ulezi kwenye nywele, kisha kijana mzima mwenye shati jeupe lililokunjamana na macho yaliyojaa usingizi na kicheko.

"Niwie radhi. Nilitaka kunyoosha mkono kwanza, lakini umekufa ganzi."

"Wewe... wewe ni nani?"

"Mwanafunzi mpya. Nimechelewa kuandikishwa." Alijipangusa. "Naitwa Halfani, mtoto wa Mzee Hamidi mwenye lori. Tumeingia alfajiri kutoka Mwimbi na mzigo wa mama yako, tukaushusha hapa upande wa nyuma usio na mlango. Baba amekwenda kuswali, nami nikaona nijilaze kidogo."

"Mama yangu mdogo," Luciana alisahihisha, maana ndilo neno pekee lililomjia. Akaokota mwiko, akauacha mezani, akatoka mbio huku gauni lake la bluu likimpiga miguuni. Nyuma yake alisikia:

"Mwalimu! Hujasahihisha jibu langu!"

Aliomba njia nzima asimwone tena. Lakini alipoingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Flavian, yule kijana alikuwa amesimama mbele ya meza, nywele zimechanwa, shati limenyooka kimiujiza.

"Luciana, huyu ni mwenzako, ametoka chuo cha serikali," alisema Mwalimu Flavian. "Mtafundisha darasa la kwanza kwa kupokezana. Mmoja akifundisha, mwingine akae nyuma atazame."

"Nimefurahi kukufahamu," alisema Halfani, uso mkavu kama wa hakimu. "Nasikia una darasa jingine sokoni."

Luciana alitazama sakafu. Lakini Mwalimu Flavian alipogeuka kuchukua chaki, alicheka, na Halfani akamwona anavyocheka. Basi, mambo yakaanzia hapo.

Watoto walijaa hadi mlangoni, wengine kwenye madawati, wengine wamekaa juu ya mikeka, wanavuta kamasi na kunukia moshi wa jikoni. Miongoni mwao alikuwapo Zita, msichana mdogo mwenye gauni lililokatwa kutoka kanga ya mama yake. Tangu aandikishwe mwezi wa Januari hakuwahi kutamka neno darasani. Macho yake yalifuata kila kitu, lakini mdomo ulikuwa umefungwa kama chungu cha akiba. Mwalimu wa darasa alikwisha kumkatia tamaa. Luciana hakuweza. Kila alipomtazama alijiona yeye mwenyewe, miaka ile, kwenye dawati kama lile.

Halfani alifundisha kama mtu aliyealikwa harusini. Luciana, akiwa nyuma, alisahau kutazama makosa.

Siku moja baada ya masomo walipita kwa Bi Mwasiti, muuza chai wa pale sokoni.

"Utakunywa chai?" Halfani akauliza.

Luciana akainamisha uso.

"Haya, hutaki. Lakini umetetemeka kwa baridi tangu saa nne. Utakunywa chai, Luciana?"

"Nitakunywa."

Halfani akamtazama, akamgeukia Bi Mwasiti, akamtazama tena. "Mbona mara ya kwanza hukujibu?"

"Bibi yangu alitulea hivyo kule Mwimbi," alisema kwa sauti ndogo. "Msichana akiulizwa mara ya kwanza, hunyamaza. Anayetaka jibu lako kweli atakuuliza tena. Asiyekuuliza tena hakuwa na haja na jibu lako."

"Lo! Na nyumba ikiungua? Uulizwe mara mbili kama kuna moto?"

"Usinicheke."

"Sikucheki, mwalimu wa magunia. Natunza akilini." Akapuliza chai yake. "Wewe huulizwa mara mbili. Sitasahau."

Na hakusahau. Kuanzia siku ile kila swali alimwuliza mara mbili, tena kwa madaha, mpaka Bi Mwasiti akawa anasema, "Haya, wale wa mara mbili wamekuja." Alimsindikiza hadi karibu na Chanji, wakipita kando ya mashamba yenye vilima vya mbolea ya majani, duara duara kama vichwa vya watu waliolala. Alimwambia kwamba baba yake hakuutaka ualimu. Alimtaka kwenye lori na dukani. Yeye na baba walikubaliana hivi: akifuzu mazoezi haya, atafundisha. Akishindwa, ataacha kabisa habari za chaki.

"Ningekuwa tajiri," alisema jioni moja, "ningekupigia simu ya boma la serikali kila usiku. Ningemwambia karani wa Bwana DC, niitie Luciana wa Chanji."

"Na mimi ningesemea wapi? Kwenye mwiko?"

Wakacheka hadi wakafika kwenye kijito. Hapo Halfani aliacha kucheka. Upepo ulikuwa umeulaza ukoka, na kanga aliyojitanda Luciana ilikuwa ikipepea.

"Luciana, unanipenda?"

Alinyamaza. Aliangalia maji, akangoja. Halfani alitabasamu, maana alijua zamu yake. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Luciana!" Mama mdogo Epifania alikuwa amesimama ng'ambo na kikapu kichwani. "Moto umezimika nyumbani, na wewe uko hapa unahesabu samaki?"

Jioni ile, wakisonga ugali wa ulezi, mama mdogo hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi.

"Mtoto wa watu ni mzuri, sikatai. Ameninyanyulia magunia yangu bila kuombwa. Lakini yeye Ijumaa, wewe Jumapili. Baba yako atasema nini? Padri je? Usimpe kijana neno ambalo hutaweza kulishika."

"Sijampa neno lolote, mama mdogo."

"Basi vizuri."

Haikuwa vizuri hata kidogo.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Mkaguzi, Mwingereza mrefu mwenye soksi zilizofika magotini na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Alikaa nyuma karibu na Luciana. Zamu ilikuwa ya Halfani, na somo lilikuwa kutoa.

"Bibi ana kuku saba!" alisema Halfani, akawaita watoto saba mbele. Akavaa koti lake begani, akatandaza mikono, akawa mwewe. Darasa lililipuka. Kuku walikimbia chini ya madawati, wengine walilia kwa kicheko, vumbi likatimka. Mwewe akakamata wawili. Bwana Mkaguzi aliandika kitu.

Kisha Halfani akavua koti, akachuchumaa mbele ya mkeka wa Zita. Kwa sauti ya chini, kwa Kifipa alichokiokota sokoni tangu utoto, alimwuliza kuku wangapi wamebaki.

Zita alinyamaza.

Halfani hakuondoka. Alingoja kidogo, kisha akamwuliza mara ya pili.

"Watano," alisema Zita.

Alilisema kwa Kiswahili, wazi, likafika hadi ukutani. Halfani aliinua macho, akamtazama Luciana juu ya vichwa vya watoto wote. Luciana alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Katika chumba kile ni hao wawili tu waliojua kilichotokea.

Ofisini, Bwana Mkaguzi alibaki amesimama.

"Nimesikia kelele. Nimeona mwalimu anaruka kama ndege. Nimesikia Kifipa katika somo la kufundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu Flavian, hii si shule, ni mnada." Akamgeukia Luciana. "Wewe umekaa naye darasani majuma yote haya. Una lolote la kusema juu yake?"

Maneno yalikuwa tayari. Yalikuwa yamejipanga kifuani mwake kama magunia asubuhi. Zita, bwana, hajawahi kusema. Lakini mbele yake walikuwa wakubwa wawili, na kando yake alikuwapo Halfani, na aliogopa kwamba akimsifu, sauti itatoa na lile jingine, la kijitoni. Akapiga magoti kidogo, akakutanisha viganja, akainamisha macho kama alivyolelewa. Akangoja aulizwe tena.

Bwana Mkaguzi akafunika kalamu yake.

"Vema. Kunyamaza nako ni jibu."

Nje, chini ya mlingoti wa bendera ya Mwingereza, Luciana alimkimbilia Halfani.

"Halfani, mimi nilikuwa..."

"Nilijua," alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri kama angekuwa nayo. "Najua huulizwa mara mbili. Mimi ndiye nijuaye kuliko wote. Lakini pale hapakuwa na mara ya pili, Luciana, nawe uliona. Nilidhani kwa ajili yangu ungejibu mara ya kwanza." Alikunja koti lake. "Au ulimwogopa mama mdogo hata humo ofisini? Uliona haya kuonekana unamtetea mtoto wa Mzee Hamidi?"

Alingoja kidogo. Luciana aliangalia chini. Halfani akatikisa kichwa, akaenda zake.

Majibu yalikuja upesi: Halfani hakufuzu. Luciana alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Flavian, akasema yote kuhusu Zita na ule ukimya wa tangu Januari. Mwalimu Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mbona hukusema siku ile, binti yangu? Bwana Mkaguzi yuko Mbeya sasa. Habari imekwisha kwenda."

Siku zilizobaki alifundisha peke yake. Sauti yake ilikuwa imekua; watoto wa nyuma walimsikia bila shida. Akiwa amewapa kazi ya kuandika, alisimama dirishani akatafakari. Alikuja hapa akiamini kwamba mwalimu ni yule anayesema. Kumbe alimwona mwalimu siku moja tu, mtu aliyechuchumaa mbele ya mkeka, akangoja, akauliza tena. Hicho Halfani alikuwa amefundishwa na yeye mwenyewe, Luciana, mbele ya kikombe cha chai, bila kujua. Naye alipotakiwa kukilipa, alishindwa.

Zita sasa hakunyamaza. Aliuliza juu ya mvua, juu ya chaki, juu ya kila kitu. Na kila asubuhi aliuliza: "Mwalimu, mwewe yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Atarudi lini?"

Luciana hakujibu, na Zita, ambaye hakujua desturi za Mwimbi, aliuliza tena palepale.

Jumamosi, siku ya gulio, soko lilifurika. Wanawake walitandika maharage, mbuzi walilia, moshi wa vitumbua ulitanda. Lori la Mzee Hamidi lilikuwa limesimama mbele ya kibanda, na mama mdogo Epifania alikuwa akisimamia upakiaji.

"Linakwenda wapi, mama mdogo?"

"Kasesya, mpakani. Mzee Hamidi amefungua duka kule. Kijana wake ndiye atakayekaa." Akamtazama mtoto wa dada yake, kisha akatazama pembeni. "Anasema harudi mjini."

Halfani alitokea upande wa pili, amevaa kanzu fupi na kofia, uso umepungua. Alimwona. Akakaza kamba ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Shikamoo, mzee," Luciana alimwambia Mzee Hamidi, aliyekuwa amekwisha kukaa kwenye usukani.

"Marahaba, mwanangu. Sogea, gari linaondoka."

Injini ikanguruma. Halfani akashika mlango.

"Mwalimu wa magunia," alisema, akijaribu kutabasamu. "Umekuja kuwaaga wanafunzi wako? Wote wako juu."

"Halfani, ngoja."

"Hata ukisema sasa, Luciana, cheti hakirudi. Neno langu na baba nimelitoa."

"Najua."

"Basi unataka nini?"

Lilikuwa ni swali la mara ya kwanza. Luciana aliinamisha macho. Mama mdogo alikuwa nyuma yake, na Bi Mwasiti, na nusu ya waumini wa misa ya Jumapili, na nusu ya wale wa msikitini, wote wameacha kupatana bei. Halfani alingoja kidogo. Kisha akakaza midomo, akaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Hakuuliza tena.

Mzee Hamidi alimtazama mwanawe, akamtazama binti. Akazima injini.

"Gari ni langu," alisema. "Litaondoka nikitaka mimi."

Kila mtu alijua kwamba lori litakwenda, kama si sasa, baada ya muda mfupi. Luciana pia alijua. Akainua uso, akajinyoosha kama asubuhi zile alipokuwa peke yake, na sauti iliyotoka ikafika hadi kwenye mbuzi:

"Sikuona haya! Zita hakuwahi kusema neno tangu Januari, na wewe ndiye uliyemfungua mdomo. Sijaona somo zuri kama lile, nami nikanyamaza, na kosa ni langu. Na lile uliloniuliza pale kijitoni, usiniulize tena. Nakupenda, Halfani. Nilikupenda siku ile, na leo unakwenda, bado nakupenda."