Mwaridi wa Bibi Angelika

Salvatori na mkewe Kostansia, wazazi wa Fides, wanakaa Beechmont, kusini mwa jiji la Louisville, Marekani. Salvatori anapakia mizigo kwenye ghala. Kostansia anashona viti vya magari kiwandani. Jumamosi ndiyo siku yao ya kuwa pamoja. Wanafua nguo, wanabandika maharage jikoni, kisha wanatoka nje kuangalia maua yao.

Mbele ya nyumba wana miwaridi mitano. Minne ni vichaka vifupi kando ya njia. Wa tano ni mrefu, na umepanda juu ya nguzo za baraza. Huo mrefu ulipandwa na Bibi Angelika, mama yake Kostansia. Kila mwisho wa Mei ulifunika baraza kwa maua meupe, na Bibi alikaa chini yake akisali rozari.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, Bibi Angelika alifariki. Mei iliyofuata, mwaridi wake haukutoa hata ua moja.

"Baridi imeuumiza," Kostansia alisema.

Salvatori aliingia ndani.

Sasa ulikuwa tena mwezi wa Machi. Salvatori alitoka na mkasi mkubwa wa kukatia matawi.

"Mama Fides, leo napogoa miwaridi yote," alisema. "Naikata mpaka magotini."

Kostansia aliacha ufagio. "Yote? Hapana. Usiguse hata mmoja."

"Baba yangu alilima kahawa kule Ngozi, Burundi. Mti ukichoka, anaukata chini. Unachipua upya, wenye nguvu."

"Hii si kahawa, Baba Fides. Na ule wa mama ukiukata, utakufa kabisa."

"Basi tumuulize Yonasi."

Yonasi ni mdogo wake Salvatori. Anakaa Hilliard, karibu na Columbus, na anapenda sana bustani. Salvatori alimpigia simu.

"Mmechelewa, kaka," Yonasi alisema. "Mimi nilikata yangu yote mwezi wa kumi na moja. Nilikata fupi, nikamaliza."

"Na inaendeleaje?"

Yonasi alishusha sauti. "Matawi mengi yamekuwa meusi. Lakini yatapona tu."

Kostansia akampigia dada yake, Dafroza, aliyeko Buffalo.

"Kukata sasa?" Dafroza alishangaa. "Huku theluji bado iko mlangoni! Subirini mwezi wa tano, kama mimi."

Basi kila mtu alikuwa na neno lake. Salvatori alisema leo. Yonasi alisema ilikuwa Novemba. Dafroza alisema Mei. Kostansia alisema kamwe. Alisimama mbele ya mwaridi wa mama yake na mikono kiunoni, na Salvatori akabaki na mkasi wake.

Jirani yao Edah alikuwa anashusha mifuko ya udongo kwenye gari. Edah ni Mkenya. Zamani alifanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Alikuja Louisville kusoma kilimo, na sasa anafanya kazi kwenye duka la miche.

"Mama Fides, kuna nini?" aliuliza.

"Njoo umwambie huyu mwanamume aache mwaridi wangu!"

Edah alivuka, nao wakamweleza maneno ya Yonasi na Dafroza. Alishika matawi ya vichaka vifupi, akayatazama. Kisha akatazama ule mrefu kwa muda zaidi.

"Huu mrefu unachanua mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja tu, Mei," Kostansia alisema. "Hivi vifupi vinachanua mpaka Oktoba."

"Sawa. Basi mnabishana juu ya mimea miwili tofauti," Edah alisema. "Baba Fides, kuhusu vifupi uko sawa. Vinachanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo vinakatwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Unaona kichaka cha maua ya njano pale kona? Kikichanua, nasi tunapogoa. Hapa Louisville ni kama sasa. Buffalo kuna baridi zaidi, ndiyo maana dada yenu anangoja. Na ndugu yenu wa Columbus asikate fupi kabla ya baridi. Baridi inaingia kwenye vidonda, matawi yanakufa. Naye angengoja mpaka Aprili."

"Na huu wa mama?" Kostansia aliuliza.

"Huu unachanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiukata Machi, unakata maua yote kabla hayajatoka. Unakatwa baada ya kuchanua." Edah alisogeza majani makavu. "Tazama hapa. Hizi ni alama za mkasi. Kuna mtu aliukata mwaka jana, kabla ya Mei."

Kostansia aligeuka polepole.

Salvatori aliweka mkasi chini. "Ni mimi," alisema. "Ulikuwa Buffalo, Dafroza alipojifungua. Nilitaka urudi uukute unapendeza, na uliporudi majani mapya yalikuwa yameficha nilipokata. Mwaridi ulipokosa maua, nikaogopa kukuambia. Ulikuwa unamlilia mama. Leo nilidhani nikiukata chini kabisa utapona, kama kahawa."

Kostansia alikaa kwenye ngazi ya baraza. Machozi yalimtoka. "Mwaka mzima nilidhani mwaridi unakufa kwa kumfuata mama."

"Nisamehe, Mama Fides."

Kostansia alijifuta machozi. Kisha akamvuta mumewe mkono, akamkalisha pembeni yake. "Mama angekucheka mpaka aanguke," alisema.

Edah aliwafundisha asubuhi ile. Wavae glovu nene. Wafute mkasi kwa spiriti, ili ugonjwa usihame kutoka mti hadi mti. Kwanza waondoe matawi yaliyokufa, ambayo ndani ni ya kahawia. Kisha waondoe yanayosuguana. Yaliyobaki wayakate mshazari, juu kidogo ya jicho, yaani chipukizi, linalotazama nje, ili katikati pabaki wazi na hewa ipite. Vile vifupi vinne walivipogoa siku hiyohiyo. Ule mrefu hawakuugusa.

Mwisho wa Mei, Kostansia alitoka kwenda kazini, akarudi ndani mbio. "Baba Fides! Toka uone!"

Baraza lilikuwa jeupe. Maua yalishuka mpaka kwenye ngazi. Walichelewa kazini wote wawili. Jumapili ile Yonasi aliendesha gari kutoka Hilliard, na Dafroza alikuja na mtoto wake kutoka Buffalo. Walikula wali na samaki chini ya maua, na Yonasi aliandika kila neno la Edah kwenye simu yake.

Katikati ya Juni petali zote zilikuwa zimeanguka. Kostansia alisimama chini, Salvatori akapanda ngazi na mkasi.

"Tawi hili limezeeka," alisema. "Nikate?"

Kostansia alilitazama.

"Kata," alisema. "Jipya tayari liko pale chini."