Mbuzi wa Mwanamke wa Mashua

Seleyian alikutana na Simel ndani ya saiba moja ya Kitengela, siku ya soko, watu wakigombania kompyuta tatu. Alikuwa amevaa sketi ya njano iliyomkaa vizuri, na Simel akampisha mbele bila kuombwa. Basi, Seleyian akampenda hapo hapo.

"Wewe kila jioni unasoma nini hapa?" alimuuliza baadaye.

"Mbio za mashua. Mtu anazunguka dunia kwa mashua ya matanga, peke yake, bila kusimama popote."

"Na bahari umeiona lini?"

"Bado, sweetie."

Vijana wengine wa mtaa wa Noonkopir walibembeleza wasichana kwa chipsi. Simel alimbembeleza wake kwa dhoruba. Alimsimulia mbio za mwaka wa sitini na nane, walioanza tisa akamaliza mmoja. Alimsimulia za tisini na nane, kutoka Sydney kwenda Hobart, zilizoua watu sita. Seleyian alisikiliza akiwa ameshika mkono wake, na miaka miwili ikapita wakiwa na raha.

Shida ilianzia Kisaju, mwisho wa 2004, Simel alipompeleka nyumbani kumsalimia mamake, Rebecca. Seleyian akasifu mbuzi mmoja mweupe.

"Huyo si wetu," mama akasema. "Simel alimpa yule mwanamke mzungu wa mbio za mashua anayeandikiana naye, Klara, sisi tunamtunzia tu. Siku hizi wanaitana Pakine."

Mmaasai akikupa mbuzi, mnaacha majina yenu na kuitana Pakine mpaka kufa. Seleyian yeye alikuwa anaitwa sweetie, kama kila msichana wa Kitengela. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa moto.

"Umempa mbuzi!" alifoka walipofika barabarani.

"Alijibu email yangu, Seleyian. Yuko peke yake huko baharini, analala dakika chache tu. Nilitaka awe na mtu."

"Na mimi niko na nani?"

"Huo ni urafiki tu!"

"Basi hiyo mashua yake izame!"

Akazima simu. Wiki nzima hakuiwasha, na kila akimfikiria yule mwanamke alikosa usingizi.

Kisha Abdiladif, mwenye saiba, akamwita Seleyian alipokuwa akipita nje. "Umesikia? Mlingoti wa mashua ya Klara umevunjika kwenye bahari ya kusini huko. Hajulikani aliko."

Seleyian alishtuka kana kwamba ameuvunja yeye. Akaingia, akamkuta Simel mbele ya kompyuta, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Akaketi kando yake bila salamu. Jioni ile na iliyofuata walingoja habari pamoja, na Seleyian, aliyemchukia Klara kwa moyo wote, akamwombea Mungu.

Habari zikaja: Klara ameingia bandarini Chile, mzima. Simel akalia. Seleyian alipoona yale machozi, wivu ukamrudia wote.

"Mimi ungenililia hivyo?"

"Ulipozima simu nililia wiki nzima. Muulize Abdiladif."

"Wallahi, amelowesha keyboard yangu," Abdiladif akasema.

Seleyian akajizuia kucheka, akashindwa.

"Nisamehe," Simel akasema. "Jumamosi wazee wetu waje kwa baba yako?"

"Waje. Lakini hizo mbio zingine ni lini?"

"Baada ya miaka minne."

"Sawa. Wakati huo wewe utakuwa nyumbani unabembeleza mtoto. Huyo mwanamke nitamfuatilia mimi mwenyewe, hapa hapa, kila jioni."