Alie Asilie, Kila Asubuhi

"Usinipigie kelele, Mama! Nauliza tena: vidonge vilikuwa thelathini, wiki tatu zimepita. Mbona vimebaki ishirini na sita?"

Dada alikuwa amemwaga kikopo kizima juu ya meza ya jikoni. Jirani alizima redio yake asikilize vizuri.

"Nampa mdogo wako siku akilia," Mama akajibu, mikono kiunoni. "Asipolia, simpi. Kwani wewe kichwa kisipouma unameza dawa ya kichwa? Profesa mzima hujui hilo?"

Dada alikuwa profesa kweli. Miaka kumi na miwili anatafiti sonona, ule ugonjwa wa moyo kuwa mzito wiki baada ya wiki. Usingizi unakata, kazi haishikiki, hata kuoga kunakushinda. Amekaa na wagonjwa mia nne, kila mmoja kamuuliza: umelalaje? Wa nyumbani kwao hajamuuliza hata siku moja. Alisikia daktari wa kliniki kamwandikia dawa, basi, akarudi kwenye mafaili yake. Hasira ikampanda, na nusu ya hasira hiyo alijikasirikia mwenyewe.

"Mama, hii si dawa ya maumivu. Inafanya kazi polepole. Kimoja kila asubuhi, alie asilie. Nafuu huanza baada ya wiki mbili, wengine hata sita. Na akipata nafuu haachi mpaka daktari aseme."

"Sasa mbona hukusema? Watu wa mbali unawafundisha, sisi unatupitia mlangoni kama mleta barua!"

Hilo lilimchoma.

"Endeleeni tu kunigombania kama kuku wa mnada," sauti ikasema nyuma yao. Alikuwa mdogo wake Dada, kinyozi. Wiki ya nane hajafungua kibanda, na nywele zake mwenyewe zimekuwa kichaka. "Mimi nipo hapa hapa. Hakuna anayeniuliza."

Dada akavuta kiti. "Nakuuliza. Unawaza kujiua?"

"We mtoto!" Mama akafoka. "Unamtia mawazo!"

"Kuuliza hakumtii mtu mawazo, Mama. Tukinyamaza ndiyo tunamwacha peke yake."

Kinyozi akakaa. "Kuna siku natamani nisiamke tu. Sijapanga kitu." Akaanza kulia.

Mama akanyoosha mkono kwenye vidonge. Wote wawili wakamkodolea macho. Akaurudisha.

Asubuhi yake wakaenda kliniki wote watatu, wakamweleza daktari kila kitu, hata lile la kutamani asiamke. Dawa ikaanza upya, kimoja kila siku. Akapewa pia mshauri wa kuongea naye kila Jumatano. Dada naye akawa anapita jioni, anakaa, anauliza: umelalaje?

Wiki ya saba ya dawa, asubuhi, kelele tena.

"Umemeza?" Mama aliuliza.

"Nimemeza!"

"Maana dada yako kasema—"

"Mama! Hata mswaki sijapiga mmeshaniuliza wote wawili! Nina mteja saa mbili, anaoa leo. Mnataka aoe na kichaka?" Akanyakua mashine yake ya kunyolea, akamgeukia dada yake. "Na wewe Profesa, hicho kichwa ni aibu. Pitia kibandani nikirekebishe."

Akatoka, akaubamiza mlango.