Sauti Mbele ya Pangaboi

Wako watakaokuambia kwamba ndege ile haikuwahi kuruka. Wasamehe, hawakuwa pale. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa na vikombe vya chai mkononi, na tuliona.

Jioni ya Ijumaa moja ya Agosti, mwaka wa tisini na nne, Makhanu alitoka kwake Shinyalu kwenda kuchukua randa yake. Randa tu. Alikuwa ameisahau kwenye banda la Chama cha Ndege Kongwe, kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Kakamega, na seremala bila randa ni jogoo bila sauti.

Chama chenyewe kilikuwa watu saba wenye kichaa kimoja. Ndege waliikuta Chekalini, kwenye ghala la mzungu aliyekwenda zake zamani, kuku wametagia vitini. Mabawa mawili juu, mawili chini, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Waliivuta mpaka mjini kwa trekta ya kubebea miwa, wakaishughulikia miaka minne, kila Jumamosi. Mustafa wa Matungu aliifufua injini. Makhanu aliiundia mabawa, mbao nyembamba kama mbavu za njiwa, na Kakamega nzima mpaka Bungoma hapakuwa na mkono mwingine wa kupinda mti namna ile. Rubani alikuwa Osiako, aliyewahi kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege.

Osiako na Makhanu waliingia jandoni siku moja, kwa kisu kimoja. Watu wa kisu kimoja hawadhuriani. Hilo hata mtoto analijua.

Sasa, ndege za kale haziwashwi kwa ufunguo. Mtu husimama mbele, akalizungusha pangaboi la mti kwa mikono yake. Lakini kwanza huita, "Swichi?" Na rubani, akishahakikisha kwamba swichi iko chini, hujibu, "Imezimwa." Ndipo mkono uende. Swichi ikiwa juu, injini yaweza kushika ghafla, na pangaboi halichagui nyama.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mustafa. Aliita, alijibiwa, alisema "Bismillahi", ndipo akagusa. Kila mara. Mwezi wa sita, pangaboi likampiga. Akafa palepale.

"Hakuita," Osiako alisema.

Makhanu alikuwa mferejini akiosha brashi. Hakuona kitu, hakusikia kitu. Lakini Osiako alimshika bega. "Omwana wefwe, ndugu yangu, nisaidie. Waambie ulikuwa karibu."

Basi Makhanu akasimama kule Matungu, mbele ya wazee na mbele ya Hadijah, mjane wa Mustafa, akasema marehemu hakuita. Hadijah aliinua uso. "Mustafa? Huyo hata mlango wa choo chake mwenyewe anaupigianga hodi." Makhanu akatazama viatu vyake.

Turudi bandani. Giza la mvua lilikuwa limelitangulia jua. Mle ndani mlinuka ile rangi ya kukaza kitambaa cha mabawa, kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. Na chini yake, harufu nyingine...

Halwaridi.

Mafuta ya waridi aliyojipaka Mustafa kila Ijumaa.

Makhanu akasimama. Randa ilikuwa mezani, hatua nne tu.

"Swichi?"

Sauti ilitoka mbele ya ndege. Ya upole, ya mtu aliye kazini. Pale mbele hapakuwa na mtu.

"Swichi?"

Na kutoka kwenye kiti cha rubani, kiti kitupu, sauti anayoijua tangu jandoni ikajibu:

"Imezimwa."

Tik. Kitu kidogo cha chuma, kikipandishwa.

"Bismillahi..."

Miguu yake ilitaka mlango. Badala yake ilimpandisha kwenye bawa, mwenyewe hajui kwa nini. Akachungulia. Swichi ilikuwa juu. Chini ya kiti palikuwa na kifurushi, akakifungua kwa vidole visivyo vyake. Miguu ya jogoo mwekundu, imefungwa kwa kitambaa cha bawa. Kipande cha kofia nyeupe ya Mustafa, kimekauka damu nyeusi. Na penseli.

Penseli yake. Aliyoitafuta wiki nzima. Meno yake yalikuwa yamejichora kwenye mti wake.

"Unatafuta nini, omwana wefwe?"

Osiako alikuwa mlangoni na tochi. Makhanu aliusukuma mzigo chini ya kiti.

"Randa."

"Randa inakuwanga mezani. Hiyo ni ndege."

"Nimeiona sasa."

Mwanga wa tochi ulishuka, ukatulia mikononi mwake. "Kesho wageni wanakuja," Osiako alisema. "Utazungusha wewe. Hao wengine mikono yao ni ya kupiga makofi."

"Mimi ni wa mbao, Osiako."

"Ndege inataka walioipa uhai." Alikuwa karibu kunong'ona. "Mwezi wa saba iliinuka kidogo, ikarudi chini. Uliona. Imebakisha kidogo tu."

"Kidogo gani?"

Osiako alizima tochi.

Angeweza kutokwenda. Pascalia mkewe alimwambia hivyo: "Kaa hapa ule obusuma yako na vidole kumi." Lakini urafiki wa kisu kimoja hauvunjwi na penseli. Alitaka kulisikia jibu lile kwa masikio yake, mchana, mbele za watu.

Saa nne asubuhi ng'ombe walifukuzwa uwanjani. Edah, mmoja wetu, alikuwa akigawa chai. Osiako alikaa kiti cha nyuma, cha rubani, cha mbele kikawa kitupu. Makhanu akasimama mbele ya pangaboi.

"Swichi?"

Osiako alimtazama machoni. Hakutazama chini hata kidogo. Akatabasamu, tabasamu lilelile la ujana.

"Imezimwa."

Na mkono wa Makhanu ukainuka. Baada ya yote aliyoyaona, ukainuka, kwa vile alitaka mno kuamini. Vidole vilikuwa shubiri moja na mti aliposikia halwaridi. Na sikioni, taratibu:

"Iko juu."

Akaurudisha mkono nyuma.

Pangaboi likazunguka lenyewe. Injini ikanguruma. Alipoutazama mkono, ncha ya ukucha wa kidole kirefu haikuwepo. Damu haikuwapo, hata tone.

Akamtazama rafiki yake. Osiako hakushtuka kwamba injini imewaka. Alishtuka kwamba Makhanu bado amesimama.

Mawe yaliyozuia magurudumu yalikuwa kando, na hakuna aliyeyaondoa. Ndege ikaanza kwenda. Tulimwona Osiako akiisukuma swichi chini, chini, chini... Injini haikusikia. Ikaondoka ardhini, nyepesi, mabawa ya Makhanu hayakutetemeka hata moja. Watu wakapiga makofi.

"Huyo wa mbele ni nani?" Edah aliuliza.

"Kiti cha mbele ni kitupu," Makhanu akasema.

"Si naona kofia. Nyeupe."

Ilipita juu ya Shinyalu, ikaelekea msituni. Hatukusikia kuanguka. Tulitafuta wiki mbili, na msitu haukurudisha hata msumari.

Makhanu alikwenda Matungu, akamkuta Hadijah akipepeta mchele. "Nilidanganya," alisema. "Sikuwa karibu. Sikusikia chochote."

Hadijah hakusimamisha ungo. "Mimi nilijua. Mwambie yeye, Mustafa."

Tangu hapo, jioni nyingine anapopiga randa, halwaridi hupenya kwenye harufu ya mbao, na sauti huuliza, "Swichi?" Hata akiwa na mteja huweka randa chini, akajibu, "Iko juu, ndugu yangu. Iko juu." Ikishasikia hivyo hunyamaza.

Ni sauti ya pili inayomkosesha usingizi. Hiyo hutoka juu, mbali, juu ya mabati, pamoja na mngurumo mdogo usiotua.

"Omwana wefwe... niteremshe."

Hiyo hajaijibu.